Kadi ya Hamsini

Jamani, udongo wa kaburi la baba ulikuwa haujakauka nilipogundua kwamba ni yeye aliyeninyima baiskeli...

Naandika nikiwa mkavu kabisa. Msinionee huruma, maana sisikii kitu.

Zamani kila pakiti ya majani ya chai ilikuwa na kadi ndani, ina ndege aliyechorwa kwa rangi, mzuri mpaka unatamani kumshika. Ukikusanya ndege hamsini tofauti, unazipeleka kadi zote kiwandani, unapewa baiskeli mpya.

Baba yangu, kinyozi, alifikisha arobaini na tisa. Akakwama hapo.

Alikosa mdiria tu, yule ndege wa bluu anayevua samaki. Mtaa mzima ukambatiza jina, Arobaini na Tisa. Aliyeanza ni mama. Alimwita hivyo hata mbele za wageni, watu wanacheka, na baba anacheka nao.

Mimi sikuwa nacheka. Shule ilikuwa mbali, nauli hakuna, na tumaini langu lilikuwa hiyo baiskeli. Haikuja. Nikaacha shule.

Sasa jana nasafisha kasha la mashine yake ya kunyolea. Nikainua kitambaa cha chini...

Mdiria. Hana hata mkunjo.

Nikakaa sakafuni. Hata chozi halikutoka.

Nikaenda kwa mama, nikamkuta anadarizi foroni.

"Mama, baba alikuwa nayo."

"Alikuwa na nini?"

"Kadi ya hamsini. Alituficha. Mimi naacha shule, yeye ameikalia."

Mama akaichukua, akaisogeza karibu na macho.

"Kadi ukizipeleka zilikuwa hazirudi," akasema.

"Najua. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi ningedarizi nini? Ndege wote wa kwenye foroni zangu nilikuwa nawaangalizia humo. Wateja walikuwa wanawagombania. Nilimwambia baba yako, siku ukizipeleka hizi, umenikata mikono."

"Yeye akasemaje?"

"Baada ya hapo ikawa kila nikimuuliza, mdiria hapatikani."

"Si angekwambia tu?"

"Angeniambia, ningemwambia apeleke. Wewe ulikuwa unalilia shule, mwanangu. Ningekataaje?"

Hapo nikaelewa, wapendwa. Alijua kabisa mama angekubali. Ndiyo maana akafunga mdomo, akabeba kicheko cha mtaa mzima mpaka anakufa.

Na mimi je? Alichagua, na hakunichagua mimi. Hilo nalo ni kweli, msinifundishe kulisema vizuri.

Mama akachomeka sindano kwenye kitambaa, akakiweka pembeni.

"Hata hospitali nilimwita Arobaini na Tisa," akasema. "Siku ya mwisho ile. Nilitaka acheke kidogo."

"Akacheka?"

"Hapana. Aliitika tu."

Mama hakuigusa tena foroni mpaka tunalala.

Nyie mnaosoma hapa, kama kwenu kuna mtu mmezoea kumcheka kwa kukosa, hebu mtazameni tena. Huenda hakukosa. Huenda kuna mtu humo ndani anakula kwa sababu yake, naye ndiye anayecheka kuliko wote.

Mimi sijui kama nimemsamehe. Asubuhi hii nimelia kidogo, nikanawa uso, nikaenda kazini.