Mmoja Kati ya Wanne

Nipeni masikio, ndugu zangu, hasa nyie wenye watoto na nyie mnaotarajia kuwapata. Habari hii ni ya nyumba ya fundi cherehani mmoja, na wala si ya kuchekesha.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa imetulia. Fundi alikuwa chumba cha mbele, anashona sare za shule. Chini ya meza, juu ya rundo la vipande vya vitambaa, alikaa mwanawe wa tatu, wa miezi minane, ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge kwa jinsi alivyonona. Bonge alikuwa akivuta uzi, anautia mdomoni, ananyang'anywa, anacheka, anavuta mwingine.

"Fundi mwenzangu," baba yake alimwambia, "ukimaliza uzi utanilia na cherehani."

Mkewe akatoka uani na beseni la nguo. Aliinama kumbeba mtoto, akasita, akamshika viganja.

"Baba watoto, hebu njoo uone. Vidole vimevimba."

"Amenona huyo."

"Kunona gani, na vina joto namna hii? Hata miguu. Nikigusa analia." Akambeba. "Mwalimu alianza hivi hivi."

Cherehani ikasimama.

Mwalimu ndiye aliyekuwa binti yao mkubwa, msichana wa sekondari, aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kusahihisha watu. Tangu utotoni aliugua selimundu, ule ugonjwa wa damu unaopinda chembe zake kama mundu. Kuna majuma alikwenda shule akiruka kamba na wenzake, na kuna majuma alilala akiuma mto, maumivu ya mifupa yakimpanda na kushuka. Alipogundulika, fundi na mkewe walipimwa pia. Wote wawili wakaonekana wazima, ila kila mmoja amebeba mbegu ya ugonjwa ule katika damu yake. Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mwenye foleni ya kufika mlangoni, aliwaeleza kwa haraka kwamba kwa watu kama wao, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni moja kati ya nne kwa kila mimba.

Moja kati ya nne, kwa kila mimba. Muuguzi alisema hivyo. Lakini fundi alipofika nyumbani maneno yalikuwa yameshageuka njiani: mmoja kati ya wanne. Na "kila mimba" ilikuwa imedondoka kabisa.

"Hesabu ndogo tu, mke wangu," alisema. "Watoto wanne, mgonjwa mmoja. Wetu ameshatoka. Waliobaki ni wazima."

Mkewe alitaka warudi wakaulize vizuri. Fundi akamcheka. Kwani yeye ambaye hupima viuno vya watu kutwa ashindwe na hesabu ya vidole vya mkono mmoja? Akazaliwa binti wa pili, akapimwa, akawa mzima wa afya, anakimbia mpaka viatu vinaisha soli. Basi hapo fundi akawa hashikiki. Alipozaliwa Bonge, wahudumu wa chanjo walitaka kumtoa damu wampime. Fundi akawaambia wasimchome mtoto bure, zamu ya ugonjwa ilishapita nyumbani kwake.

Mama yake Bonge aliyakubali hayo. Msimlaumu haraka. Mtu aliyekesha na mtoto anayelia mifupa, ukimwambia kwamba mateso yamekwisha, atakushukuru, hatakuuliza umejuaje.

Turudi siku ile. Mchana alipita dada yake fundi, akamshika Bonge shavu. "Wifi, meno hayo," alisema. "Msugue fizi, homa itashuka." Fundi akaunga mkono. Meno ni jambo la kawaida. Meno hayana kliniki.

Jioni Mwalimu alirudi shuleni, akamtazama mdogo wake mikono, akaweka begi chini. Kisha akachota vifungo viwili kutoka kwenye kopo la baba yake na kuvipaka chaki upande mmoja.

"Baba, tumefundishwa uwezekano. Naomba uangalie kidogo tu. Kifungo hiki ni wewe, hiki ni mama. Upande wa chaki ndio ile mbegu. Vikianguka vyote kwa chaki, mtoto ni mgonjwa."

Akarusha. Vyote chaki.

"Huyo ni mimi," alisema. Akarusha tena: kimoja chaki, kimoja safi. "Huyu wa pili, amebeba tu, mzima." Akarusha mara ya tatu.

Vyote chaki.

Fundi alivitazama vile vifungo. "Mbona imerudia? Si ilishatoka?"

"Ndiyo nakwambia, baba. Vifungo havikumbuki vilivyoangukaje mwanzo. Kila ukirusha, unaanza upya. Bonge hakupunguziwa chochote kwa sababu mimi naumwa. Mpelekeni akapimwe."

"Haya, Mwalimu, darasa limekwisha. Rudisha vifungo, hivyo ni vya shati la mtu."

"Baba, tafadhali."

"Nimesema rudisha!"

Akarudisha. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani, amesikia yote. Alimtazama mumewe, akaingia ndani na mtoto.

Siku mbili Bonge alisuguliwa fizi. Ya tatu, mchana, mama yake alikwenda kumwamsha akamkuta amelegea kama kitambaa kilicholowa. Midomo ilikuwa imepauka, viganja vyeupe, na tumbo upande wa kushoto limejaa na kukaza. Hakumwita mumewe mara mbili. Walikimbia wote wawili, fundi akiwa bado na futi ya kupimia shingoni.

Hospitali walimpokea mbio. Daktari alibonyeza tumbo lile, akauliza kama mtoto alishapimwa selimundu, na mama yake akatikisa kichwa. Damu ya mtoto ilikuwa imekusanyika kwenye wengu, pale kushoto palipovimba, mwili umebaki mkavu. Wakaagiza damu ya kumwongezea. Ilikuwa bado inaletwa Bonge alipokata roho.

Yule muuguzi wa kliniki aliitwa. Sasa alikuwa na miwani, lakini aliwakumbuka.

"Ulituambia mmoja kati ya wanne," fundi alimwambia. Hakuwa na ukali, alikuwa kama anayeomba. "Tulishampata wetu."

Muuguzi akakaa chini. "Kila mmoja, baba. Kila mtoto peke yake. Ukikusanya mamia ya watoto wa wazazi kama nyie, kweli utakuta karibu robo yao wanaumwa. Hiyo ni hesabu ya umati. Lakini chukua nyumba zenye watoto wanne, zile zenye mgonjwa mmoja kamili hazifiki hata nusu. Nyingine hazina mgonjwa, nyingine zina wawili, nyingine watatu."

"Na angepimwa alipozaliwa?"

Muuguzi alitazama sakafu. "Angeanza dawa mapema. Mama angefundishwa kumpapasa tumbo. Mngekuja na uvimbe wa vidole, siku ile ile." Kisha akasema polepole, "Na mimi kama ningewaeleza taratibu siku ya majibu yenu, mngeelewa. Niliiona ile foleni, sikuwaona nyie."

Kwenye msiba watu walijaa. Dada yake fundi aliketi karibu na mama wa marehemu, akamshika goti, akamfariji kadiri alivyojua. "Jipe moyo, wifi. Wawili ndio hao wameshatoka. Akija mwingine, huyo hana shaka, mzima kabisa."

Fundi aliyasikia kutoka alipoketi na wanaume. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Mkewe aliuondoa ule mkono gotini, taratibu, na kusema kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia:

"Neno hilo ndilo lililomzika mwanangu. Lisisemwe tena humu."

Mwalimu alitoka nje akishikilia ukuta. Mifupa ilikuwa imeanza. Fundi alimfuata. Alimbeba mgongoni, msichana mkubwa yule, mpaka kliniki. Tangu siku hiyo hajawahi kumkosesha miadi, na binti hajawahi kumkumbusha vile vifungo. Mke wa fundi anampikia mumewe, anamfulia, na anazungumza naye yanayohusu watoto. Mengine hakuna.

FUNZO

Ndugu zangu, bahati haina zamu. Baya lililokupata jana halikukingi na la leo, na jema la jana halikuahidi la kesho. Ukiambiwa uwezekano, uliza: ni wa kila mara, au wa wote wakijumlishwa? Ukiona haya kuuliza mara ya pili, kumbuka kwamba anayelipia haya hiyo huenda asiwe wewe. Mpimwe kabla ya kuoana. Watoto wenu wapimwe wote, wa kwanza hata wa mwisho, hata anayeonekana mzima na mnene. Nanyi mnaotoa majibu kliniki, msimwache mtu atoke na hesabu asiyoweza kuirudia kwa usahihi mbele yenu. Na mtoto wako akirudi na alichojifunza, akakuomba uangalie, angalia.