Ndege Iliinamisha Bawa kwa Mwingine

"Mama, shusha mkono. Huyo siye."

"Siye vipi? Mbona ndege nyeupe?"

"Zote nyeupe, mama. Ngoja niulize simu."

Mshonaji aliacha cherehani akatoka uani, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Mama mkwe wake alikuwa amesimama juani, kiganja juu ya macho, anaipungia mbingu. Tangu mwanawe awe rubani, mama huyu hakuacha ndege ipite bila salamu. Macho yalikuwa yamechoka, moyo bado. Ndiyo maana mkwe wake alitafuta programu ya kufuatilia ndege akaiweka kwenye simu. Ukiifungua unaona ramani, na juu yake vindege vya njano vinatambaa kama siafu. Ukigusa kimoja kinakutajia namba yake, kinakotoka na kinakokwenda.

"Hii imebeba abiria, inatoka ng'ambo."

"Kumbe nimepungia wageni bure! Hata asante hawasemi."

Wakacheka. Mshonaji aliolewa akiwa hana mama, akamkuta huyu. Akiumwa, ni huyu aliyemchemshia uji. Akikosa usingizi, ni huyu aliyekaa naye.

Ikasikika ndege nyingine, ndogo, inanguruma kama cherehani iliyokosa mafuta. Ilipita chini chini, ikavuka kilima, ikazunguka juu ya mtaa wa pili. Kisha ikainamisha bawa la kushoto, ikainamisha la kulia.

"Hiyo inasalimia mtu," mama alisema. "Jana pia ilisalimia palepale. Unakumbuka mwenzio alivyokuwa akikusalimia hivyo wakati wa uchumba? Ukaunguza nguo za wateja kwa kukimbilia nje!"

Mshonaji alitazama simu. Alikuwa amekigusa kile kindege, na herufi za mkiani zimetokea. Herufi zile alizijua kama jina lake. Alizidarizi kwa mkono wake kwenye kofia ya mumewe.

Mumewe aliaga kwamba amehamishiwa kituo cha mbali, safari ya siku nzima.

Akaandika ujumbe: "Mume wangu, umeshindaje?"

Jibu lilikuja ndege ilipokwisha kutua: "Nimeshinda chini tu, mpenzi. Ndege mbovu, tunasubiri kipuri. Nakuota kila siku."

"Ni nani yule wa juu?" mama aliuliza.

"Ni... ni wa vifurushi, mama. Hatumjui."

Alidanganya kwa hofu. Mume akipotea, mtu hulia akanyamaza. Lakini mama akijua, atamfuata nani? Damu nzito kuliko maji. Atabaki hana mume, hana mama.

Kesho yake alifuata ramani. Mstari wa ile ndege ulikuwa umezunguka paa moja tu, kama uzi unavyozunguka kifungo. Alibisha. Akafungua mwanamke kijana, mwalimu, vidole vina chaki.

"Karibu, dada. Mbona unatetemeka? Kaa, nikuletee maji."

Alileta maji, akamwekea na kiti kivulini. Mshonaji alikuja na maneno makali mdomoni, lakini maji yale yakamlegeza. Akauliza polepole:

"Ndege inayozunguka hapa ni ya nani?"

Mwalimu akacheka kwa haya. "Ni mchumba wangu. Nikisikia mlio wake napanda darini kumpungia. Mtaa mzima unanicheka."

"Hana mke?"

"Alikuwa naye. Alifariki, maskini."

"Alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Wa moyo."

"Hapo hakukosea sana. Moyo ulianza kuniuma jana."

"Sijakuelewa, dada."

"Mimi ndiye marehemu."

Mwalimu alisimama, akakaa tena. Mshonaji akamwonyesha picha ya harusi kwenye simu. Mwalimu aliitazama mpaka machozi yakadondokea kioo, akakifuta kwa nguo yake, akairudisha simu kwa mikono miwili.

"Nisamehe. Nilikuombea dua, dada. Kila usiku nilikuombea ulale pema."

"Basi dua zako hazikupotea. Nilikuwa nalala vizuri kweli."

Wakajikuta wanacheka na kulia pamoja. Kisha mwalimu akakunja uso.

"Keshokutwa anakuja kujitambulisha kwa baba yangu. Amesema hana wa kuja naye, kwani mama yake amepoteza kumbukumbu, hamjui hata yeye."

Mshonaji akaweka glasi chini taratibu. "Ameniua mimi, nikanyamaza. Hilo la mama halipiti. Kesho akizunguka, nipe dari yako."

"Dari ni yako. Na ngazi nitakushikia."

Nyumbani alikuta mama mkwe amekaa karibu na cherehani, ameshika gauni la mteja.

"Mwanangu, hili gauni umelishonea mkono shingoni. Una nini?"

Ikabidi aseme. Alisema yote, macho sakafuni. Mama alisikiliza bila kukohoa.

"Kwa hiyo wewe umekufa."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimepoteza kumbukumbu."

"Ndivyo alivyosema."

"Mimi! Namkumbuka hata alipomkojolea kasisi kanisani! Namkumbuka alivyoiba sukari akasema ni panya!" Kisha sauti ikashuka. "Lakini nimemzaa, mwanangu. Nitakwenda nanyi nimwone kwa macho yangu. Kabla ya hapo sisemi neno."

Usiku ule Mshonaji alishona mpaka kidole kikatoka malengelenge. Alichukua shuka kubwa la kitanda cha ndoa yao, jeupe, akakata kitambaa cheusi, akakiunga herufi moja moja, kila herufi ndefu kama mtoto wa shule. Mama alimkatia nyuzi. Kila Mshonaji alipomtazama usoni, hakuweza kusoma kitu.

Kesho yake jioni wanawake watatu walikuwa darini. Mwalimu alishika simu.

"Ameruka! Anakuja!"

Kindege kilitambaa kwenye ramani, kikavuka kilima, na ndege yenyewe ikatokea, inang'aa. Ikaanza kuinama kumtafuta mpenzi wake.

"Fungua," Mshonaji alisema.

Wakalitandaza shuka darini, wakalikanyaga pembe. Liliandikwa:

MAREHEMU ANAKUSALIMU.

Na pembeni alisimama marehemu mwenyewe, mikono kiunoni, anatazama juu bila kupepesa. Bawa lililokuwa linainama likabaki limeinama, halafu ndege ikajinyoosha kwa kishindo, ikapanda juu kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Anakimbilia wapi?" mama aliuliza.

Mwalimu akatazama simu. "Anazunguka juu ya kiwanja cha ndege. Hatui. Anazunguka tena."

"Mwache azunguke," Mshonaji alisema. "Huko juu hakuna chakula wala choo. Twendeni tukampokee."

Walikuwa langoni aliposhuka hatimaye. Alitoka amekumbatia kofia kifuani, shati limelowa jasho. Alimtazama mkewe, akamtazama mwalimu, akachagua kumwendea mama.

"Mama, watu wamekujaza maneno..."

"Wewe ni nani, baba?" mama aliuliza.

"Mama! Ni mimi!"

"Nimepoteza kumbukumbu. Nieleze taratibu."

Mwalimu akavua pete ya uchumba, akamwekea ndani ya kofia. "Baba yangu nimeshamwambia. Amesema ukipita mtaani kwetu, pita juu hivyohivyo, chini atakusubiri yeye."

Rubani akamgeukia mkewe, akapiga magoti palepale kwenye changarawe, walinzi wakitazama.

"Mke wangu, shetani alinipitia. Nirudishe nyumbani. Nitakuwa mtu mpya."

"Mke wako yupi?"

"Wewe!"

"Mimi ulinizika. Ukapokea na pole za watu. Marehemu hapiki, hafui, wala hamfungulii mtu mlango. Nguo zako nitaziacha kwa mlinzi, nimezipiga pasi. Ndiyo sadaka yangu ya mwisho."

Rubani akaona limebaki tumaini moja. Akashika miguu ya mama yake.

"Mama, mimi ni damu yako. Huyu si ndugu yako. Mwambie! Au twende, nitakupangia nyumba nzuri, tutaishi mimi na wewe."

Mshonaji hakutaka kumwomba mama mtu amkane mwanawe. Alitazama pembeni, akasubiri kusikia neno la kwaheri.

Mama aliinama, akampangusa mwanawe vumbi begani, kwa upole, kama alivyompangusa utotoni.

"Damu yangu wewe, sikatai. Ndiyo maana nimekulilia usiku mzima. Ila nilipougua mguu, aliyeniosha ni huyu. Macho yaliponichoka, aliyenitafutia ndege zako angani ni huyu. Ungemkosea mgeni, ningekuombea msamaha. Umemkosea mwanangu."

Alitoa miguu yake mikononi mwa mwanawe, akamshika Mshonaji mkono. Mshonaji naye akaushika wake kwa nguvu.

Teksi ilikuwa imesimama kando. Dereva alifungua milango, akawahesabu.

"Mama, wanawake watatu. Na huyu bwana haendi?"

Mama aliingia, akajisogeza kuwapa wenzake nafasi, akavuta mlango.

"Huyo ana ndege."