Msomaji wa Kipimo cha Idsowe

Rafiki yangu Ziro hapiti tena Idsowe, kijiji kilicho kando ya mto, wala simlaumu. Alitumwa kutoka mjini Garsen kufufua kompyuta kuukuu ya kutoa onyo la mafuriko kabla mvua hazijaanza. Unix, mfumo ulioiendesha kompyuta hiyo, ulimzidi Ziro umri, na chumba chenyewe hakikuwa na dirisha, giza tupu.

Programu aliyoiunda kwenye laptopu yake ilikataliwa. Alikuwa amesahau kuiambia kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, iunde kwa ajili ya mfumo ule mkongwe. Akarekebisha, akaiunda upya. Safari hii mashine ikanguruma, ikauliza: "Kipimo?"

Pale desturi ni msomaji kusimama mtoni na kuita namba ya kina cha maji mara tatu, na aliye ndani kuiandika. Sauti ikaita kutoka mtoni: "Mita sita! Mita sita! Mita sita!" Ziro akaandika.

"Mzee Hirbo, nishukurie msomaji wako," akamwambia mlinzi.

Hirbo alikuwa ameegemea ukuta. "Kijana, msomaji wetu alikuwa Abdikarim. Mafuriko yalimchukua. Hatujapata mwingine."

Wakatoka. Mto ulikuwa umepungua mpaka mchanga unaonekana, na hapakuwa na mtu. Lakini nguzo ya kipimo ilikuwa imelowa, ikichuruzika maji kuanzia alama ya mita sita hadi chini.