Anayebeba Mkiani

Boriti ilikuwa nyepesi. Hilo ndilo jambo la kwanza dereva Polepole alilolihisi asubuhi ile, nalo halikumfurahisha.

Kwenye mlima wa machimbo ya kokoto, pale ambapo kila safari injini hulia na moshi mweusi hutanda mpaka watu wa nyuma wafunge vioo, lori lilipanda bila shida, kama limebeba magodoro. Na juu ya trela ililala boriti ya zege, ndefu kama nyumba kadhaa zilizopangwa mstari mmoja, moja ya zile zinazolazwa juu ya nguzo za daraja jipya la mtoni. Kitu kile hakijui kuwa chepesi. Polepole alichungulia kioo cha pembeni kuona kama hakijadondoka njiani. Kilikuwepo.

Boriti ndefu namna ile haiendeshwi na mtu mmoja. Mbele yuko dereva. Nyuma kabisa, chini ya ncha ya boriti, kuna magurudumu yenye usukani wake na kibanda kidogo cha chuma, na humo hukaa mtu wa pili wa kukata kona za mkiani. Wawili hao huongea kwa simu ya upepo. Kwa miaka mingi mtu wa mkiani alikuwa shemeji yake Polepole, kaka wa mkewe. Sasa shemeji alikuwa kaburini, na hii ilikuwa safari ya kwanza tangu msiba. Kibandani alikaa mtu mpya, mnene, mcheshi, waliyemwita Kidevu kwa kuwa alikuwa navyo viwili.

Walipofika mtoni Kidevu alishuka hacheki.

"Kaka, usukani ule nani aliutengeneza?"

"Kwa nini?"

"Unajizungusha. Kila kona umekata kabla sijaushika. Nimekaa mikono mapajani kama bwana harusi." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Halafu kibandani mnanuka tangawizi."

Polepole alimwambia labda ni mafuta ya breki. Lakini ilibidi aegemee tairi. Shemeji yake alikuwa akitafuna tangawizi mbichi kutwa nzima ili asisinzie.

Namna kifo kile kilivyotokea aliijua mtu mmoja tu. Siku ile mvua ilikuwa ikimwagika. Kabla ya kutoka yadini, kazi ya dereva ni kuzunguka trela na kutikisa kila mnyororo unaoifunga boriti. Shemeji aliuliza kwenye simu, "Shemeji, minyororo umeikagua?" Polepole alikuwa ndani, mkavu, kikombe cha chai mkononi. Akatazama mvua. "Nimeshaikagua," akajibu. "Twende." Kwenye kona ya kuteremkia mtoni mnyororo wa nyuma uliachia, boriti ikabiringika, ikakilalia kibanda. Msimamizi wa ujenzi alipofika mbio kuuliza nani aliyekagua minyororo, Polepole, matope yamempanda mpaka kiunoni, alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema: "Ya nyuma ilikuwa mikononi mwake."

Neno likishatoka halirudi. Siku ya mazishi baba mkwe wake, mzee mrefu aliyekuwa mwashi maisha yake yote, alisimama mbele ya wafanyakazi na kofia mkononi. "Mwanangu aliwatia hatarini kwa uzembe wake," alisema. "Nawaomba radhi kwa niaba yake. Msimsengenye na hali amelala." Polepole alikuwa mstari wa mbele. Aliinamisha kichwa, na watu wakadhani analia.

Boriti zilizofuata nazo zilikuwa nyepesi. Pale mtoni kreni mbili zilizishika kila upande, zikazinyanyua kutoka kwenye trela na kuzilaza juu ya nguzo taratibu kama mtoto anayelazwa kitandani. Mwendesha kreni mmoja, waliyemwita Twiga, alitoa kichwa dirishani akapiga kelele kwamba mizani yake imeharibika, au kiwandani wameanza kuchanganya zege na ubwabwa wa jana. Watu wakacheka. Msimamizi alisema hajawahi kuona kazi ikienda hivi, akampiga Polepole begani mbele ya wote.

Mkono ule ulipomgusa, Polepole karibu apige magoti. Maana uzito uliotoka kwenye boriti haukupotea. Ulikuwa mgongoni kwake. Kila boriti iliyolazwa juu ya nguzo ilimwongezea kitu kati ya mabega, kama mtu aliyekwea na kukaa vizuri, na jioni alipanda ngazi za nyumbani akishika ukuta kama kikongwe.

Nyumbani kulikuwa na jambo jingine. Jua lilipoanza kuzama, kabla taa hazijawashwa, sauti ya mnyororo ilisikika ukumbini. Ulikuwa ukiburutwa juu ya sakafu ya saruji, pingili kwa pingili, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti kilichokuwa cha shemeji kila alipokuja kula. Kisha ukimya. Kisha harufu ya tangawizi.

"Unasikia?" Polepole alimnong'oneza mkewe jikoni.

"Nasikia kila siku." Mkewe hakugeuka. Alikuwa akimenya vitunguu. "Ni kaka."

"Mama watoto, maiti hairudi."

"Ni kaka," alirudia taratibu. "Huko aliko hana raha, watu wamelichafua jina lake. Anakuja kwetu kwa sababu hapa ndipo anapoaminiwa. Nakuomba usilete mtu wa kumfukuza. Niachie nimsikie japo hivyo."

Polepole alisimama pale na machozi ya vitunguu vya mwenzake yakimwasha macho.

Kesho yake alasiri, akirudi na lori tupu, Kidevu akiwa ameomba ruhusa na kibanda cha mkiani hakina mtu, simu ya upepo ilikoroma juu ya dashibodi.

"Shemeji," ilisema. "Nimeshaikagua. Twende."

Ilikuwa sauti ya marehemu, na maneno yalikuwa ya Polepole. Akasimamisha lori pembeni. Jua lilikuwa kali, watu walipita na mizigo yao. Akaichukua simu.

"Nani yuko mkiani?"

"Anayebeba."

"Wewe si shemeji yangu."

"Kwani nimesema ndiye?" Sauti ilicheka kidogo, na ndani ya kicheko kile Polepole alisikia maji, maji mengi, yakizunguka penye kina, na sauti ikaendelea, ikiwa bado ya marehemu lakini nzito zaidi, kana kwamba inapanda kutoka chini ya matope ambako nguzo za daraja zilikuwa zimechimbiwa, ikamwambia kwamba mto ule ulikuwa na mwenyewe kabla ya mashine kuja, kwamba mwenyewe alikuwa akitafuta mlango wa kuingilia kwa watu na hakuuona, mpaka siku moja ya mvua mtu alisimama ukingoni akatamka neno juu ya maiti isiyoweza kumjibu, na neno lile likabaki wazi kama mlango usio na komeo. "Nyamaza tu, shemeji. Wewe ukinyamaza, mimi nabeba. Na daraja likiisha nitakuja kupumzika kwako. Mgongo wako umeshanizoea."

Polepole aliizima simu. Sauti ikamalizia ndani ya simu iliyozimwa: "Mkeo naye ananipenda."

Hapo ndipo alipokwenda kwa mganga. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeishi nyuma ya kiwanda cha matofali, na alimkuta anafua. Hakuacha kufua. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakamua shati, akalitundika, kisha akamzunguka mgongoni na kumtazama kati ya mabega kwa muda mrefu, kama anayemtazama mtu mwingine.

"Ni mkubwa," alisema kwa sauti ya chini. "Amekaa kama yuko kwake."

"Mama, nipe dawa yoyote. Nitakunywa, nitaoga, nitafukiza."

"Nitakufukizia utanukia vizuri, basi. Huyu ametumia mdomo kuingia, na atatokea mdomoni. Uongo uliusema wapi?"

"Mtoni. Mbele ya msimamizi."

"Basi ukweli wake uko hukohuko. Waambie wenye haki ya kuusikia." Akarudi kwenye beseni lake. "Ila usikilize vizuri, baba. Akitoka, kile anachokibeba atakiachia. Angalia asiwepo mtu chini."

Polepole alipanga kusema kesho yake asubuhi, akaona msimamizi ana kazi. Akapanga kusema mchana, akaona kuna wageni. Akajiambia ngoja boriti hii, kisha ngoja ile, na mgongo ukazidi kupinda, na jioni mnyororo ukaburutwa mpaka mlangoni mwa chumba walicholala. Uoga una sababu nyingi kuliko mwanasheria. Hivyo ndivyo alivyojikuta kwenye siku ya boriti ya mwisho bila kusema.

Baba mkwe alikuja siku hiyo. Aliomba aione ikipandishwa, akasimama ukingoni karibu na msimamizi, kofia mkononi vilevile kama siku ya mazishi. Ilikuwa adhuhuri. Kreni zilinyanyua. Boriti ikaelea juu ya maji, ndefu, ya kijivu, na chini yake mafundi walikuwa wakipita na mashua ya bati, wengine wamekaa juu ya nguzo wakiisubiri kwa mikono, maana wepesi wa boriti zile ulikuwa umewazoesha vibaya na hakuna aliyeogopa tena. Twiga alikuwa akipiga mluzi kwenye simu ya upepo, naye Polepole akiisikiliza yake kando ya lori.

Kisha mluzi ukakatika.

"Imebaki hii tu, shemeji," ilisema ile sauti, taratibu, karibu kwa mapenzi. "Nyamaza kidogo tu."

Polepole alimtazama mzee ng'ambo ya vumbi. Aliona jinsi mzee alivyowapisha vibarua, akijibana pembeni, akiwainamia kichwa kila mmoja kama mtu anayedaiwa salamu, mwashi yule aliyejenga nusu ya mji na hakuwahi kumwinamia mtu, na akaelewa kwamba mzee ataishi hivyo mpaka afe, na kwamba yeye ndiye aliyempindisha mgongo kabla ya mgongo wake mwenyewe kupindishwa, na mkono wake ukainuka na simu ingawa uzito mabegani ulikuwa umemsukuma mpaka goti moja liko chini kwenye kokoto.

"Tokeni chini ya boriti," alisema. "Mashua itoke. Mlio juu ya nguzo, shukeni. Twiga, usiishushe wala usiipandishe mpaka wote wametoka."

"Kuna nini?" aliuliza msimamizi.

"Watoe kwanza, bosi. Nakuomba."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake. Msimamizi alipuliza filimbi. Mafundi wakashuka wakinung'unika, mashua ikapiga kasia kuelekea ukingoni, na muda wote huo simu ilimnong'oneza Polepole sikioni, ikamwahidi, ikamtukana, ikalia kwa kilio cha mkewe, ikacheka kwa kicheko cha watoto wake, mpaka mtu wa mwisho alipokanyaga nchi kavu.

Ndipo akabonyeza kitufe.

"Minyororo siku ile sikuikagua," alisema, na simu zote pale mtoni zikasema pamoja naye. "Ilikuwa kazi yangu. Aliniuliza, nikamdanganya, kwa sababu sikutaka kulowa. Kisha nikawadanganya na nyinyi. Yeye hakuzembea. Aliniamini."

Kitu kilimtoka kifuani kikapita kooni, baridi, chenye ladha ya tope, na kikatoka na sauti isiyo yake. Angani boriti ikapata uzito wake wote kwa mara moja. Kreni zililia. Kamba ya chuma upande wa Twiga ikakatika, ncha ya boriti ikashuka, ikagonga nguzo, ikavunjika katikati na kuzama mtoni, na maji yakaruka mpaka yakawalowesha wote waliosimama ukingoni. Halafu mto ukatulia. Twiga alikuwa hai kitini mwake, mikono imeganda juu ya vyuma. Hakuna aliyeumia.

Polepole alisimama wima. Mgongo ulikuwa mwepesi, na hakuhisi nafuu yoyote.

Msimamizi alimwambia asiondoke, kuna watu watakuja kumhoji, naye akajibu kwamba haendi popote. Nyumbani jioni ile hakukusikika mnyororo. Mkewe alikaa ukumbini gizani akikitazama kile kiti, na mumewe alipomaliza kumweleza yote, alisema neno moja tu. "Umeniulia kaka mara mbili." Akawachukua watoto, akaenda kwa baba yake.

Polepole alidhani hatamwona tena mtu wa ukoo ule. Lakini asubuhi mzee mwenyewe alikuja. Hakuingia, hakuketi, hakupokea maji. Alisema, "Vaa viatu."

Walitembea mpaka makaburini. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kubonyea. Mzee aliuweka sawa kwa kiganja, kama anayesawazisha plasta, kisha akasimama upande.

"Haya. Mwambie."

Polepole alisema. Katikati alikosea, akaanza tena, akafika mwisho. Upepo ulikuwa mdogo. Alingoja kufukuzwa.

"Rudia," mzee alisema, macho yakiwa chini. "Huyu tangu mtoto, jambo lazima umwambie mara mbili."