Gari Lililomchemkia Floribert

Walikutana sokoni Élisabethville mwaka wa hamsini na nne, mbele ya wauza samaki wa Kasenga, pale gari la Floribert lilipozimika katikati ya watu likifuka mvuke. Adolphine alikuwa anapita na ndoo kichwani, gauni la bluu limemkaa vizuri.

— Dada, unipe maji kidogo.

— Ya wewe ao ya motokari?

— Ya motokari. Miye nitavumilia.

Adolphine alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Miezi minane baadaye posa ilikuwa imepokelewa, na gari bado linachemka.

Lilikuwa gari dogo lenye injini ya lori. Floribert alikata pua ya gari kwa msumeno, akaisogeza mbele rejeta ya maji ili injini ienee. Lilikimbia vizuri kwelikweli, lakini kila mlima lilichemka. Alisafisha rejeta, akabadili pampu ya maji, akakaza mkanda wa feni. Wapi!

Papa Edouard, baba yake Adolphine, mtu wa reli asiyependa mchezo, akakata neno:

— Samedi utatupeleka Kasomeno kwa yaya yangu, ule mukubwa wetu, tumalize maneno ya ndoa. Ikichemuka tena, tutarudi na miguu, na mutoto wangu atarudi na miye. Fundi gani anashindwa motokari yake?

Kisha Alhamisi Mwape, rafiki wa Adolphine, akamletea maneno kutoka gereji ya Floribert. Floribert, alipochekwa na mafundi wenzake, alijibu: «Ule mama mukwe akipanda, hata maji inakimbia.» Adolphine aliwaka. Gari lilikuwa linachemka tangu hawajajuana, leo mkosi ni wa mama yake? Siku mbili hakumsemesha.

Jumamosi asubuhi Floribert alifika na shati jeupe, akafungua boneti uani na kuanza kuingurumisha injini. Mama Jeanne, mama yake Adolphine, akajifungia jikoni. Mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani; hata ndani ya gari pazia liliwatenga, na kila neno lao lilipitia kwa Adolphine. Lakini ukuta wa jikoni ulikuwa na tundu, na kutazama gari hakukatazwi.

— Adolphine! Umuambie hivi: akikanyaga mafuta, ule mupira wa chini wa kupitisha maji unajibana, unakuwa sawa utumbo ya kuku. Akiachilia, unajifungua. Sasa maji itapita wapi?

— Siendi, Mama.

Akamweleza yote. Mama Jeanne aliweka mwiko chini.

— Alisema vile?

— Alisema.

— Basi ni mupumbavu. Lakini ni mupumbavu wako ao wa bantu bengine?

— Siendi!

— Muzuri. Nitamuambia miye mwenyewe, na kinywa changu.

Akaanza kujifunga kitambaa. Adolphine akaganda. Mwanamume aliyesemeshwa na Mama Jeanne uso kwa uso si mkwe tena. Posa imevunjika, na hakuna wa kuiunga. Nje, Papa Edouard alikuwa ameshavaa kofia, anatazama saa. Adolphine alimpenda yule mpumbavu, hiyo ndiyo shida. Alimpenda na alitaka kumpiga makofi.

— Mama, ngoja!

Akatoka mbio.

— Chérie! — Floribert akang'aa. — Siku mbili haunisemeshi...

— Usiniite chérie. Shuka. Inama, angalia mupira wa chini. Miye nitakanyaga.

Akaketi kwenye usukani na gauni lake la safari, akakanyaga. Injini ikanguruma. Floribert aliinama muda mrefu. Alipoinuka, jasho lilikuwa linamtiririka.

— Unajibana! Ule wa lori ulikuwa mufupi, nikatia huu mulaini. Na kila mara nilikuwa naangalia motokari ikiwa imepoa. Nani ameona?

— Ule mama mwenye maji inamukimbiaka.

Uso ukamshuka. Hakukana.

— Nilisema. Walinicheka, nikatafuta muntu wa kumubebesha haya yangu. Pardon, Adolphine.

— Hapana miye njo ulitukana, ni Mama.

Floribert akavua kofia, akaligeuzia jiko mgongo kama adabu inavyotaka, akapaza sauti:

— Adolphine, umuambie Mama nilikosa. Nilikosa sana.

Adolphine akageukia lile tundu la ukutani.

— Umuambie atengeneze mupira, — ikaja sauti ya Mama Jeanne. — Jua inapanda.

Floribert akamwaga maji ya rejeta, akazungusha waya mgumu kwenye mpini wa ufagio mpaka ukawa kama springi, akauingiza ndani ya mpira ili usijibane tena.

Walipita Luano, mlima ukaanza. Adolphine, nyuma na mama yake, alichungulia kando ya pazia akisubiri mvuke. Gari likapanda, likapanda, likafika juu.

— Simamisha, — Papa Edouard akasema.

Alishuka polepole, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale. Kisha akaja kufungua mlango wa nyuma.

— Adolphine, toka. Enda ukae mbele, pembeni ya bwana yako. Miye nitakaa na bibi yangu.