Mwizi Aliyeshona Kifungo

Suti ilikuwa imetoweka, na kabati lilikuwa limefungwa vizuri kabisa.

Inspekta alifika kwa dobi akiwa na mtoto mgongoni. Yaya alikuwa ameamka na homa, na wizi haungoji yaya apone. Nyuma yake alikuja konstebo, sanduku la vifaa vya uchunguzi begani, mkoba wa nepi mkononi.

Makabati yenyewe yalipangwa kwenye ukuta wa nje, ili mteja achukue nguo zake hata duka likiwa limefungwa. Ndani ya namba tisa ilibaki hanga tupu.

"Harusi ni leo alasiri, na suti niliileta hapa ipigwe pasi tu," alisema bwana harusi. Alikuwa amevaa fulana, kaptura na viatu vyeusi vipya vya harusi, ambavyo alikuwa akivilainisha tangu jana. "Mwizi ni huyu. Mfungeni."

Huyu alikuwa kijana mwembamba aliyetengeneza mfumo wa makabati. Mtaa mzima ulimwita Injinia. Konstebo alikuwa ameshamtia pingu mkono mmoja. Wa pili aliachiwa ili aweze kuchapa kwenye kompyuta.

"Mpwa wangu si mwizi," alisema mwenye duka, mama mmoja mnene aliyejulikana kama Bi Mvuke. "Ni mvivu. Mvivu haibi, kuiba ni kazi."

Inspekta hakucheka. Mkuu wa kituo alikuwa amempigia simu: suti isipopatikana kabla ya harusi, kijana alale ndani. Na dobi ambaye mpwa wake yuko ndani kwa wizi wa nguo, nani atampelekea hata soksi?

Alimfungua mtoto mgongoni akamkabidhi konstebo.

"Afande, mimi?"

"Hicho ni kielelezo namba moja. Kisidondoke."

Akamgeukia Injinia. "Kabati linafunguliwaje?"

"Nguo zikiwa tayari, mteja anatumiwa linki. Akiibonyeza, simu yake inapeleka ombi kwenye seva, seva inafungua mlango. Hapo katikati ndipo ilipo API yangu. Ndiyo inayopokea maombi."

"Kama karani wa dirishani."

"Kama karani. Na ombi linasafiri limesimbwa fiche, Afande. Mtu akilidaka njiani anaambulia takataka. Tazama, hata alama ya kufuli ipo."

"Kufuli nimeliona. Suti sijaiona. Kumbukumbu za mfumo zinasema nani alifungua namba tisa?"

"Mteja halali."

"Yupi?"

"Zinasema halali tu." Injinia alikuna shingo kwa mkono wenye pingu. "Jina nilipanga kuliweka wiki ijayo."

"Huyu mambo yake yote ni wiki ijayo," alisema shangazi yake. "Hata kuzaliwa alichelewa."

"Kamera je?"

Bi Mvuke aliitazama kamera iliyokuwa juu ya mlango. "Ile ni ya kuogopesha tu. Haina matumbo."

Konstebo, mtoto akiwa kwapani, alijaribu kunyunyiza unga wa alama za vidole. Mtoto alipiga chafya. Unga ukaishia kwenye mashuka meupe ya wateja, na Bi Mvuke akamtazama konstebo kwa macho ambayo hayahitaji hati ya kukamata.

"Kuna kingine," alisema Injinia. "Alfajiri mlango wa tano ulifunguliwa, kisha sita, saba, nane, halafu tisa. Baada ya hapo kimya."

"Alikuwa anatafuta," alisema Inspekta. "Hakujua suti iko wapi. Wewe ungejua."

"Amejifanya hajui," alidakia bwana harusi.

"Fungua yote hayo."

Hakuna kingine kilichopungua. Lakini Bi Mvuke aliinua shuka kutoka namba sita, akaligeuza, akaguna.

"Haya si makunjo yangu. Mimi nakunja mara mbili, maisha yanaendelea. Huyu kakunja mara tatu, mshono kwa ndani."

Namba saba, hivyo hivyo. Namba nane kulikuwa na shati la dereva wa lori. Bi Mvuke alilishika kifuani.

"Na hiki kifungo hakikuwepo. Nilimtumia mwenyewe ujumbe kwamba shati limekuja bila kifungo, asije akasema nimekimeza."

"Afande," konstebo alisema taratibu, "mwizi ameshona kifungo?"

Inspekta alisogeza shati karibu na macho. "Ameshona, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno."

Kisha akachukua ile mbeleko aliyombebea mtoto, akampa Bi Mvuke.

"Nisajilini. Mimi ni mteja."

Mbeleko iliwekwa namba kumi na mbili, na linki ikaingia kwenye simu ya Inspekta. Mwisho wake kulikuwa na namba kumi na mbili.

"Nikiifuta hii nikaandika tisa?"

"Haiwezekani," alisema Injinia. "Seva lazima kwanza ikutambue."

"Itanitambua. Mimi ni mteja halali."

Alibonyeza. Mlango wa tisa ukafunguka taratibu, kama mtu anayepiga miayo.

Injinia alikaa juu ya kapu la nguo chafu.

"Karani wako anauliza 'wewe nani?' basi," alisema Inspekta. "Haulizi 'hiki ni chako?' Ni mlinzi wa hoteli anayekagua kitambulisho getini, kisha anakuacha uingie chumba chochote, hata cha maharusi."

"Kufuli lote lile," Injinia alinong'ona.

"Kufuli lililinda barua njiani. Nani anastahili kuifungua, hukumwambia mtu."

Bwana harusi alitoa kitambaa mfukoni akafuta jasho. Inspekta alinyoosha mkono.

"Naomba hicho."

Kilikuwa kimekunjwa mara tatu, mshono kwa ndani.

"Nani anakufulia?"

"Mama. Kila kitu. Hapa analeta mapazia tu, mazito."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani. Mpaka namaliza chuo sijawahi kuvaa nguo ya dukani."

"Na suti iliyopotea?"

Bwana harusi alikitazama kitambaa chake mkononi mwa Inspekta.

"Ya dukani."

Walikwenda wote kwa miguu hadi nyumbani kwa fundi: Inspekta mbele, konstebo na mtoto, Bi Mvuke akihema, Injinia na pingu yake, kompyuta kwapani, na bwana harusi ambaye viatu vilikuwa bado havijalainika. Mlango ulifunguliwa na mama mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo mtoto mbona anabebwa kama gunia? Lete hapa."

Alimchukua kutoka kwa konstebo, akampakata, na mtoto akalala papo hapo. Konstebo alionekana kuumia.

"Mama, suti iko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Suti gani?"

"Kile kifungo cha dereva umekishona vizuri sana."

Mama alimtikisa mtoto ambaye hakuhitaji kutikiswa.

"Lilikuwa linaacha tumbo wazi," alisema mwishowe. "Mtu mzima. Ana watoto."

Akaashiria kwa kidevu. Nyuma ya pazia zilining'inia suti mbili: moja nyeupe, bado na lebo ya duka, na nyingine ya bluu iliyoiva.

"Ulijuaje kufungua?"

"Kioo cha simu yangu kimepasuka, linki haibonyezeki. Huwa naiandika mwenyewe. Siku moja nikakosea namba, likafunguka la watu. Nikamwambia Bi Mvuke, makabati yako yanafunguka ovyo."

"Nikapaka bawaba grisi," alisema Bi Mvuke kwa sauti ndogo.

"Shangazi, hukuniambia."

"Ningekwambia ungefanya lini?"

Bwana harusi alikuwa bado mlangoni. "Mama. Kwa nini?"

"Nguo yako ya kwanza niliikata kwenye gauni langu, hujazaliwa bado. Hii niliianza siku uliyomtaja yule binti. Nikasema nitakushtukiza. Ukanishtukiza wewe, umeingia na mfuko wa dukani unacheka." Alisafisha koo. "Nikawaza, ile ikipotea atakuja hapa. Atasema, mama, una chochote? Nimekaa tangu alfajiri na pasi ya moto. Na wewe ukakimbilia polisi."

"Lakini ulifungua kabati langu."

"Nimekubadilisha nepi mimi. Kabati ni nini?"

Inspekta alimtazama mtoto wake aliyelala kwenye mikono ile, ngumi moja wazi. Siku moja naye angekuwa na kabati lake. Aliongea taratibu kuliko alivyozoea kuhoji.

"Mama, mlango ulikutambua. Haukukuuliza swali la pili. Nakuuliza mimi. Ilikuwa yako?"

Mama alikunja futi mara tatu juu ya mgongo wa mtoto.

"Hapana," alisema. "Yake."

Inspekta alimgeukia bwana harusi. "Mlalamikaji, unaendelea na shauri?"

Bwana harusi alipita kati yao akaingia nyuma ya pazia. Konstebo alimfungua Injinia pingu, na Injinia akaketi kizingitini na kompyuta mapajani, akaanza kuandika lile swali la pili bila kuambiwa na mtu. Alipomaliza, Inspekta alijaribu tena namba tisa kwa simu yake. Jibu lilikuja fupi: huna ruhusa. Akajaribu kumi na mbili. Ikakubali.

"Vizuri," alisema. "Na majina kwenye kumbukumbu?"

"Naweka sasa hivi, Afande."

Bi Mvuke alimshika mpwa wake paji la uso, kuona kama ana homa.

Bwana harusi alitoka nyuma ya pazia ndani ya suti ya bluu. Kifua kilikaa, kiuno kilikaa, lakini viganja vilichomoza kupita mikono ya koti.

"Mikono imekuwa mifupi, mama."

Mama alimrudishia Inspekta mtoto. Alisimama mbele ya mwanawe, mikono yake akaiweka nyuma, asimguse.

"Si mifupi. Umepandisha mabega," alisema. "Shusha."

Akashusha.