Mahameli ya Dada Nesi

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua sare, Chapuchapu alipitia kwanza chumba cha mbele kuona kama ameachiwa bobini za kujaza uzi. Chumba hicho ndicho kilichokuwa karakana ya mama yake, fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima. Palikuwa na cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kamba iliyofungwa ukuta hadi ukuta ambako nguo za wateja zilining'inia zikisubiri wenyewe. Chapuchapu alibadilisha nguo, akala, akafagia vipande vya nyuzi, akajaza bobini, halafu akapitisha sumaku sakafuni kuokota pini. Kazi ya pini aliichukia kuliko zote.

Jina la Chapuchapu alipewa darasani. Alikuwa wa kwanza kumaliza kuandika, wa kwanza kufika mlangoni kengele ikilia, na mara nyingi wa kwanza kukosea. Hata hivyo mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Akiwa na miaka kumi na mitatu tu alishajua kushona foronya, kukunja pindo la suruali na kutia zipu bila kuipinda, mambo ambayo wasichana wakubwa kuliko yeye walikuwa bado wanayasikia kwa mbali.

Lakini yeye mwenyewe alijiona hana kitu. Karakana ilikuwa na simu moja ya kazi, ambayo Mama aliitumia kuonyesha wateja mitindo, na katika simu hiyo Chapuchapu alimfahamu binti aliyejiita Malkia wa Sindano. Malkia alikuwa na miaka kumi na minne. Katika video moja alikata gauni la harusi asubuhi, akalishona, na jioni akalivaa akizunguka nalo kama pia. Watu walimmiminia alama za mioyo na sifa. Chapuchapu naye aliwahi kuweka video ya foronya yake, ikatazamwa na rafiki yake Redio, shangazi yake mmoja, na mtu aliyeuliza kama wanauza magodoro.

"Mama, mimi nitafanikiwa lini?" aliuliza jioni moja.

Mama alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Ukimaliza kuokota hizo zilizobaki chini ya meza."

"Mama, mimi sitanii. Wenzangu wameshafika mbali."

"Wenzako wako darasa moja na wewe. Wamefika mbali wapi?"

Chapuchapu alirudi chini ya meza kuokota pini. Usiku alilala akiamini kabisa kwamba amechelewa maishani. Hilo linaweza kuwachekesha watu wazima, lakini yeye lilimliza.

Wiki hiyo karakana ililetewa kitambaa ambacho Chapuchapu hakuwahi kuona mfano wake. Mwenye kitambaa alikuwa jirani yao, muuguzi katika zahanati, ambaye watoto wote walimwita Dada Nesi. Alikuwa anaolewa. Kitambaa kilikuwa mahameli ya kijani iliyokolea, nzito na laini, na alikifungua kwa mikono miwili kama mtu anayemfunua mtoto mchanga aliyelala.

"Hiki alikinunua marehemu mama," alisema. "Alikiweka sandukuni, akasema siku yangu ikifika nishonewe gauni la kuburura chini. Nimezunguka maduka yote, Fundi. Haipo tena ya namna hii."

"Nimekuelewa, mdogo wangu," Mama akasema. "Nitakishona mwenyewe."

Jumamosi Mama alitayarisha karatasi za vipimo, zile anazozilaza juu ya kitambaa ili akate kwa kuzifuata. Halafu akachukua mkoba wake aende kununua bitana na zipu.

"Mahameli usiiguse," alisema akiwa mlangoni. "Hata kwa kidole. Nikirudi nitakata mwenyewe."

"Ndiyo, Mama."

Haikupita muda Redio akaingia. Redio aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa hazimiki. Aliiona mahameli mezani akapiga yowe.

"Haya ndiyo mambo! Chapu, ukikata hii watu wakuone, Malkia atakutafuta wewe!"

"Mama amenikataza."

"Amekukataza usiharibu. Utaharibu? Si unajua kukata?"

Chapuchapu alijua kukata. Na alijua pia ujanja aliouona kwa Malkia: ukitaka kitambaa kitoshe, laza karatasi moja kichwa juu, inayofuata kichwa chini, zikumbatiane, hutapoteza hata kipande. Alifikiria Mama anavyorudi, anakuta kazi imekwisha na kitambaa kimebaki tele. Alifikiria uso wake. Akamkabidhi Redio simu.

"Nichukue kuanzia hapa mikononi," alisema.

Alilaza karatasi, moja juu, moja chini. Akazibana kwa pini, akapiga chaki, akashika mkasi mkubwa. Ulipita katika mahameli bila sauti. Redio alikuwa akitangaza pembeni, "Jamani, fundi mdogo huyu hapa, gauni la harusi, tunawaletea!" Walipomaliza wakaiweka video, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Chapuchapu mioyo ikaanza kumiminika. Watu wasiomjua waliandika, "Hongera," "Mtoto ana kipaji," "Tunasubiri gauni." Alikaa juu ya kigoda, simu mkononi, akicheka peke yake kwa furaha.

Mama alirudi na mfuko wa bitana. Aliona vipande mezani, akasimama. Hakupiga kelele. Alichukua vipande viwili vya sketi, akavitundika kwenye kamba karibu na dirisha, kimoja kando ya kingine.

"Njoo usimame hapa."

Chapuchapu akasimama. Kipande kimoja kilikuwa kijani. Cha pili kilikuwa karibu cheusi.

"Mbona... mbona vimekuwa rangi mbili? Kitambaa si kimoja?"

Mama alimshika mkono, akaupitisha juu ya mahameli kutoka juu kwenda chini. Ilikuwa laini. Akaupitisha kutoka chini kwenda juu, ikakwaruza kidogo.

"Mahameli ina manyoya, na yote yamelala upande mmoja. Yakielekea chini, rangi inakuwa hii. Yakielekea juu, inakuwa ile. Kwa hiyo kila kipande kinakatwa kikiangalia upande mmoja. Kitambaa kingine unaweza kukipindua upendavyo. Hiki hapana."

"Tuvigeuze, Mama. Tuvigeuze tu."

"Geuza."

Chapuchapu alijaribu. Alipokigeuza kipande, sehemu pana ya chini ikaja kiunoni na ya kiuno ikaenda miguuni. Alijaribu kingine, akajaribu vyote. Simu mezani iliendelea kulia, kila mlio ni moyo mwingine, mpaka Mama akaizima. Chapuchapu alikaa chini sakafuni akalia kwa kwikwi, mpaka Redio akamshika mkono wakatoka uani.

Baadaye, walipobaki wawili uani, Redio alinong'ona, "Sema kitambaa kilikuwa na kasoro. Kilikaa sana sandukuni. Nani atajua?"

Chapuchapu aliyashika maneno hayo kama kamba ya kujiokoa. Aliyakariri. Lakini Dada Nesi alipofika akiwa bado na sare ya kazi, na Mama akasema, "Mwanangu ana neno la kukwambia," kamba ile ilimponyoka. Vile vipande vilikuwa palepale dirishani.

"Nimekata mimi," alisema. "Mama alinikataza. Nilitaka watu wanione. Nimekiharibu, Dada. Nisamehe."

Dada Nesi alivigusa vipande vile kwa ncha za vidole. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Hakumfokea, na Chapuchapu aliomba moyoni afokewe.

"Aliniambia nisikikate mpaka nimpate fundi mzuri," Dada Nesi alisema mwishowe, kama anajisemea mwenyewe. Akainuka. "Fundi, sasa hivi sina la kusema. Nitarudi."

Alitoka. Chapuchapu hakula siku hiyo wala kesho yake hakushika chakula vizuri. Shuleni walimshangilia kwa ile video, na kila aliyemwambia hongera alimwongezea aibu. Alimwambia Mama hatashika mkasi tena maishani. Yeye ni wa kuokota pini tu, basi.

"Hebu nionyeshe huyo Malkia wako," Mama akamwambia.

Waliitazama video pamoja. Mama aliisimamisha pale mkasi unapopita kwenye kitambaa.

"Tazama hiki kidole gumba. Kina sugu hapa pembeni kama hii yangu. Hii ni mikono ya mtu aliyekata miaka mingi. Sasa tazama mwishoni anapovaa gauni. Mikono hiyo ina sugu?"

Haikuwa nayo. Ilikuwa mikono ya mtoto kama yake.

"Kwa hiyo ni mwongo?"

"Sijui, na simsemi. Labda ni mama yake anayemfundisha. Ninachojua ni kwamba kuna mtu hapa hakuonyeshwa, na kuna kazi ya siku nyingi imefupishwa ikawa urefu wa wimbo mmoja. Wewe ukajipima na hiyo, ukajiona umechelewa. Na mimi nina kosa langu. Nilikukataza bila kukueleza sababu." Mama akavuta meza. "Lete vile vipande."

Vya sketi vilikuwa vipana. Kwa gauni refu havikufaa tena, lakini kila kimoja kikigeuzwa mpaka manyoya yaelekee chini, kingeweza kukatwa upya kikatoa kitu kidogo. Mama alipima, akafuta chaki, akapima tena. Vingetosha koti fupi la kiunoni lenye mikono mirefu. Sketi ingekuwa ya satini ya dukani. Alimpigia Dada Nesi, akamweleza bila kupamba. Dada Nesi akasema, "Sawa. Fanyeni hivyo."

"Utashona wewe," Mama akamwambia Chapuchapu.

"Mimi? Mama, nitaharibu tena!"

"Ukiharibu mshono utafumua. Mimi nipo hapa pembeni."

Alishona mchana baada ya mchana, akitoka shule. Mahameli inateleza, ukizembea kidogo tu, bega linapinda. Mkono wa kushoto aliufumua mpaka akakoma kuhesabu. Wakati mwingine machozi yalidondoka mezani, naye akayafuta haraka yasiguse kitambaa. Mama hakumwonea huruma wala hakumkaripia. Alisema tu, "Fumua," halafu baadaye, siku ambayo Chapuchapu hakuitegemea, akasema, "Huo umekaa."

Dada Nesi alikuja kujaribu. Koti lilimkaa vizuri, kijani kimoja kutoka shingoni hadi kiunoni. Alijitazama kwenye kioo kwa muda, akijipapasa mkono.

"Ni zuri," alisema. "Nimekusamehe, mdogo wangu. Lakini sitakudanganya, roho inaniuma bado. Mama alitaka gauni."

"Najua, Dada," Chapuchapu akajibu.

Harusi ilipita. Kwenye simu ya kazi watu walikuwa bado wanauliza, "Gauni liko wapi?" Chapuchapu alitaka kuifuta ile video isahaulike.

"Ukiifuta, yuko atakayekata kama ulivyokata," Mama akasema. "Ule ujanja wameuona kwako."

Basi akachukua mabaki mawili ya mahameli, akayaweka dirishani, akamwambia Redio ashike simu na anyamaze. Redio alinyamaza, nusura apasuke. Chapuchapu alieleza alivyokosea, akaonyesha rangi mbili, akasema kitambaa kilikuwa cha nani. Mioyo haikumiminika. Wengi waliokuwa wameanza kumfuatilia walijiondoa. Mmoja aliandika, "Kumbe hujui kitu," na maneno hayo yalimchoma, akaenda kujaza bobini ili asiyasome mara ya pili.

Siku chache baadaye ujumbe ukaingia kutoka kwa mtu asiyemjua. Alimsomea Mama: "Nilikuwa nimeshalaza karatasi juu ya mahameli ya dada yangu, moja juu moja chini, mkasi nimeshika. Nimeziondoa zote. Asante sana."

Mama alisimamisha cherehani.

"Sikia, mwanangu," alisema. "Wale waliokupigia makofi hawakukufundisha kitu, na yule aliyekuambia hujui kitu hakukupunguzia kitu. Mwenye kufanikiwa ni yule anayejifunza kazi polepole, anauliza anayejua, anakosea, anasema nimekosea, halafu anafumua na kuanza upya. Simu itakusaidia ukijifunzia na ukifundishia wenzako. Ukiitumia kujipima na watu usiowajua, itakuliza kila siku. Kitambaa cha Dada Nesi hakirudi, na hilo tutaishi nalo. Lakini cha huyu mtu kimepona."

Chapuchapu aliufuta uso kwa kiganja. Halafu akakaa, akaandika taratibu, akirudia kila neno kabla ya kulituma: "Kabla hujakata, pitisha mkono kwanza. Unakopita laini ndiko manyoya yanakolala. Karatasi zote ziangalie huko. Ukikwama niulize, nami nikishindwa nitamuuliza Mama."

Aliusoma tena kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo akautuma.